Mtambo wa kupoza chumba cha mvinyo: unavyofanya kazi, unavyofungwa na unapoharibikia

Chini ya mji wa Reims, Ufaransa, kuna mapango ya chaki ambamo watengenezaji wa shampeni hulaza chupa kwa miaka. Humo joto hukaa kati ya nyuzi 10 na 12 mwaka mzima bila mashine yoyote. Ukichimba mita kadhaa kwenda chini, udongo huacha kufuata mchana na usiku, ukabaki karibu na wastani wa joto la mwaka la mahali hapo. Ndiyo maana shimo lilitosha Ulaya na halitoshi kwetu. Wastani wa mwaka wa Dar es Salaam ni takribani nyuzi 26, Dodoma 22 au 23, Nairobi 18 au 19. Anayechimba stoo ya chini Zanzibar anajipatia chumba chenye nyuzi 26 na maji yanayopenya ukutani. Huku ubaridi wote lazima utoke kwenye mtambo, na mtambo hauwezi kuwa bora kuliko chumba ulichofungwa.

Kinachotafutwa ni nyuzi 13, ikizidi au kupungua 1, na unyevu wa hewa kati ya asilimia 55 na 70. Kutulia kwa joto kuna uzito kuliko namba yenyewe. Mvinyo unaopanda hadi nyuzi 22 mchana na kushuka 14 usiku hupanuka na kusinyaa ndani ya chupa, kizibo kikasukumwa na kuvutwa, na kila mara hewa kidogo ikaingia. Unyevu ukikaa chini ya asilimia 50 kwa miezi, vizibo vya gome hukauka. Ukizidi 75 au 80, kuvu hula lebo na rafu za mbao. Chupa zenye kifuniko cha kusokota hazijali unyevu kabisa, na mvinyo utakaonyweka ndani ya miezi michache, ukiwemo ule wa Dodoma unaouzwa kwa mzunguko wa haraka, hauhitaji chumba: kabati la mvinyo la chupa 50 linatosha. Yanayofuata ni kwa hoteli, mgahawa au mtu binafsi mwenye mamia ya chupa za kukaa.

Gesi inavyobeba joto

Mtambo hautengenezi baridi. Unachukua joto la ndani na kwenda kulimwaga nje, na anayelibeba ni gesi. Mitambo mingi iliyopo bado inatumia R-134a, ambayo kwenye mgandamizo wa kawaida wa hewa huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ukiibana, inachemka kwenye joto la juu zaidi. Ukiichagulia mgandamizo, umeichagulia joto la kuchemkia, na mzunguko mzima umejengwa juu ya tabia hiyo.

Fuata njia yake. Kompresa inanyonya gesi baridi kutoka ndani na kuibana hadi kati ya psi 150 na 180 kwenye geji (psi ni kipimo cha mgandamizo). Ikiwa imebanwa hivyo, gesi inageuka kimiminika kwenye nyuzi 45 hadi 50, yaani joto lililo juu ya hewa ya nje hata Dar saa nane mchana, kwa hiyo koili ya nje, yaani bomba lililokunjwa kati ya vibati vyembamba vinavyoitwa mapezi, inaweza kumwaga joto kwa hewa hiyo. Kinachotoka ni kimiminika cha uvuguvugu. Kinapita kwenye kikaushio, ambacho huchuja uchafu na kufyonza unyevu, kisha kinafika kwenye njia nyembamba: ama kapilari (bomba jembamba mno), ama vali ya kupanua gesi. Hapo mgandamizo unaanguka ghafla hadi psi 30 au 38, na joto la kuchemkia linashuka hadi nyuzi 2 hadi 6. Ndani ya koili ya ndani kimiminika kinachemka, kinanyang'anya hewa ya chumba joto lake, kinageuka gesi, na kompresa inakinyonya tena.

Themostati inasimamia yote hayo. Ukiiweka nyuzi 13 kwa tofauti ya 2, inawasha hewa ikifika 14 na kuzima ikifika 12. Kati ya kuzima na kuwasha lazima zipite angalau dakika 3, na 5 ni bora, hasa kwa mtambo wa kapilari: mgandamizo wa pande mbili unahitaji muda kusawazika. Kompresa inayolazimishwa kuanza dhidi ya psi 150 huunguruma, hushindwa, hupata moto, na kinga yake hukata umeme. Ikirudiwa mara nyingi, koili zake za ndani huungua.

Mwezi Oktoba 2016 nchi za dunia zilikutana Kigali na kukubaliana kupunguza gesi za kundi la HFC, zinazoongeza joto la dunia, na R-134a ni mojawapo. Ndiyo sababu mitambo midogo mipya inakuja na R-600a (isobutani) au R-290 (propani). Zinapoza vizuri na kwa kiasi kidogo sana cha gesi, lakini zinawaka. Fundi aliyezoea kuchomea bomba la mtambo ambao bado una gesi ndani asiguse mitambo hiyo mpaka abadili tabia.

Kwa nini AC ya kawaida haifai

Swali hili huulizwa na kila mwenye bajeti ndogo, na jibu ni hapana, kwa sababu tatu.

Kwanza, AC ya nyumbani imetengenezwa iishie nyuzi 16 au 18. Ukiidanganya sensa ili iendelee, hewa inayorudi kwenye koili inakuwa baridi kuliko koili ilivyokusudiwa, joto la kuchemkia linashuka chini ya sifuri, na barafu inaziba mapezi. Pili, ni kubwa mno. AC ndogo kabisa ya kawaida ni ya BTU 9,000, yaani karibu wati 2,600, ilhali chumba kidogo kilichojengwa vizuri kinahitaji wati 700. Inawaka dakika chache, inazima, inawaka tena.

Tatu ndilo kubwa, nalo ni unyevu. Kinachoamua ukavu wa hewa ni tofauti kati ya joto la hewa inayoingia kwenye koili na joto la koili yenyewe. Tofauti ikiwa nyuzi 15, mvuke mwingi hugeuka maji kwenye mapezi na kutiririka nje, na chumba kinakauka. Mtambo wa mvinyo una koili kubwa kuliko uwezo wake na feni ya upole, ili kazi ifanyike kwa tofauti ya nyuzi 8 hadi 10 tu: chumba 13, koili 4 hivi. Katika hali hiyo unyevu hutulia katika asilimia 60 na kitu, na kwa kuwa koili iko juu ya sifuri, barafu haijengeki. Ukisikia muuzaji anajisifu kwamba mtambo wake unapuliza hewa ya nyuzi 2, huo ni wa nyama.

Chumba kwanza

Pesa inayowekwa kwenye kuta inalipa kuliko pesa inayowekwa kwenye kompresa. Ukuta wa tofali la sentimita 15 lisilo na kitu hupitisha joto takribani mara 11 zaidi ya ukuta huohuo ukiwa na sentimita 10 za foamu ya poliyurithani. Chagua chumba cha katikati ya nyumba kama kipo. Kama lazima kiguse nje, epuka kuta za mashariki na magharibi, maana karibu na ikweta ndizo zinazopigwa jua asubuhi na jioni. Chumba kilicho moja kwa moja chini ya mabati ni kesi mbaya kuliko zote.

Mpangilio wa tabaka hauna mjadala. Kutoka nje kuja ndani: ukuta, kizuizi cha mvuke, foamu, kisha ubao au jipsamu ya kustahimili unyevu. Kizuizi ni nailoni nzito ya poliethilini, milimita 0.15 au zaidi, na hukaa upande wa joto wa foamu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu vitabu vingi viliandikwa kwa nyumba za nchi za baridi, ambako upande wa joto ni ndani. Fundi akifuata picha hizo anaweka nailoni upande usiotakiwa, mvuke wa Dar unapenya foamu, unakutana na nailoni baridi, unageuka maji, na baada ya misimu miwili kuta zinanuka na foamu imelowa. Foamu iliyolowa haizuii joto.

Msukumo wenyewe si mdogo. Hewa ya nje yenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70 ina karibu gramu 24 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ya ndani yenye nyuzi 13 na asilimia 65 ina gramu 7 na kitu. Kwa hiyo kila mita moja ya ujazo ya hewa inayoingia mlango ukifunguliwa inaleta gramu 16 za maji ambazo koili lazima izikamate.

Vipande vya nailoni vipishane sentimita 15 na viungo vizibwe kwa utepe. Kila tundu la waya au bomba lizibwe kwa foamu ya kopo na silikoni pande zote mbili, hata nafasi kati ya waya na ganda lake la plastiki. Sakafu isisahaulike: sentimita 5 za foamu ngumu ya polistairini juu ya nailoni, kisha zege jembamba au vigae. Dari iwe sentimita 10 au zaidi.

Mlango uwe kama wa nje, mnene, wenye raba kuzunguka pande zote na ufagio wa raba chini. Wateja wa hoteli hupenda mlango wa kioo, na haupaswi kukataliwa moja kwa moja, ila gharama yake ijulikane: mita 2 za mraba za kioo cha tabaka mbili hupitisha wati zaidi ya 100, sawa na mita 22 za mraba za ukuta wenye foamu. Kioo cha tabaka moja kisifikiriwe. Na pwani, hata kioo cha tabaka mbili hutoa jasho upande wa nje, kwa sababu hewa ya nyuzi 32 na asilimia 70 huanza kuacha umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26. Kioo kikitazama ukumbi wenye AC, jasho hupungua au huisha. Kikitazama baraza la wazi, andaa tambara.

Hesabu ya ukubwa

Matangazo husema mtambo "unafaa chupa 1,500". Usinunue kwa namba hiyo. Chupa zikishapoa hazitoi joto lolote. Joto linatoka kwenye kuta, mlangoni na kwenye taa. Piga hesabu.

Chukua chumba cha mita 3 kwa 2.5, kimo mita 2.4, mjini Dar. Kuta na dari zina karibu mita 34 za mraba. Kwa foamu ya sentimita 10, kila mita ya mraba hupitisha wati 0.25 kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Nje 32, ndani 13, tofauti ni 19: 34 × 0.25 × 19 ni wati 161. Sakafu ya mita 7.5 za mraba kwa foamu ya sentimita 5 hupitisha wati 0.6, na udongo una nyuzi 27 hivi, kwa hiyo 7.5 × 0.6 × 14 ni wati 63. Ujazo wa chumba ni mita 18 za ujazo. Ikiwa hewa yote inabadilishwa mara 10 kwa siku kwa kufungua mlango, joto na mvuke wake ni sawa na wati 140 mfululizo. Feni ya ndani wati 50. Jumla ni 414.

Hapo bado. Mtambo haupaswi kufanya kazi saa 24. Mpangie saa 16 ili kompresa ipumzike na siku ya joto kali ipite salama. 414 × 24 ÷ 16 ni 621. Ongeza asilimia 10 hadi 15 na unapata wati 700, au takribani BTU 2,400 kwa saa. Tafuta kwenye jedwali la mtengenezaji uwezo wa mtambo ukiwa ndani 13 na nje 35 au 40. Uwezo ulioandikwa kwa nje nyuzi 25 utakudanganya kwa robo au zaidi. Chumba hichohicho bila foamu ukutani na darini kingevuta wati zaidi ya 1,700 kwa kuta na dari tu.

Usipitilize pia. Mtambo mkubwa mara mbili unafikia nyuzi 12 upesi na kuzima kabla unyevu haujatulia.

Aina ya mtambo

Upo wa kipande kimoja unaopitishwa ukutani, na upo uliogawanyika, koili na feni ndani, kompresa nje, mabomba ya shaba katikati. (Wa tatu ni wa kupeleka hewa kwa mifereji, nao ni wa vyumba vikubwa.) Wa kipande kimoja ni rahisi kuufunga, lakini una mambo mawili. Unamwaga joto kwenye chumba cha jirani, na chumba hicho kikiwa kabati lililofungwa, joto linajirudia mpaka mtambo unakata. Tena mingi ya aina hii inaweza kushikilia tofauti ya nyuzi 16 au 17 tu kutoka hewa inayouzunguka. Nairobi kwenye nyuzi 24 unafika 13 bila shida. Mombasa au Dar kwenye nyuzi 32 unaishia 15 au 16 huku kompresa haizimi. Pwani funga uliogawanyika.

Kabla ya kulipa, soma kibao cha umeme. Mitambo mingi ya mvinyo hutengenezwa Marekani kwa volti 115 na hezi 60. Transfoma itakurekebishia volti, haitarekebisha hezi: mota ya hezi 60 ikiwa kwenye hezi 50 zetu huzunguka polepole kwa karibu asilimia 17 na hupata moto zaidi. Agiza wa volti 220 hadi 240 na hezi 50.

Kufunga

Koili ya ndani itundikwe juu, karibu na dari, ikipuliza kwenye urefu wa chumba na si moja kwa moja kwenye chupa. Acha nafasi mbele yake na juu ya rafu. Rafu iliyobanwa hadi darini huzuia hewa, na matokeo ni nyuzi 11 juu na 16 chini. Bomba la maji lishuke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita na liwe na mkunjo wa U uliojaa maji, la sivyo feni hunyonya hewa ya joto ya nje kupitia bomba hilo na maji hukataa kushuka.

Kitengo cha nje kikae kivulini, juu ya raba za kuzuia mtikisiko, kikiwa na sentimita 30 angalau nyuma na mita 1 mbele. Kwa uwezo wa wati 700 wa R-134a, bomba la kimiminika la robo inchi na la kunyonya la inchi 3/8 kwa kawaida hutosha, ila fuata kitabu cha mtengenezaji. Fundi asikuongezee bomba kubwa "ili ipumue vizuri": gesi ikienda taratibu mno haibebi mafuta, mafuta yanabaki chini na kompresa inakauka. Kitengo cha nje kikiwa juu kuliko koili, weka mkunjo wa mafuta chini ya bomba linalopanda. Bomba la kunyonya livishwe raba ya milimita 19 mwanzo hadi mwisho. Ya milimita 9 hutoa jasho pwani na kuharibu dari.

Ukiunganisha mabomba, usiondoe hewa kwa kuipuliza nje na gesi. Jaza nitrojeni kavu hadi psi 150, paka povu la sabuni kila kiungo, kisha acha saa kadhaa uone kama geji imeshuka. Vuta vakyumu, yaani toa hewa yote mabombani, hadi maikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki), funga vali, subiri dakika 15. Ikipanda kidogo na kusimama, kuna unyevu: endelea kuvuta. Ikipanda bila kusimama, kuna tundu. Kwenye friji ya kugandisha, unyevu uliobaki huganda mwishoni mwa kapilari na kila mtu huona mtambo umeziba. Kwenye mtambo wa mvinyo gesi haifiki sifuri, kwa hiyo hakuna dalili. Maji yanaungana na mafuta, yanakuwa asidi, na kompresa hufa baada ya mwaka mmoja au miwili bila mtu kujua sababu. Ndiyo maana vakyumu ya nusu saa ya kubahatisha haifai hapa.

Gesi ichajiwe kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibao, pamoja na nyongeza ya urefu wa bomba. Mtambo ukishatulia, thibitisha: bomba la kunyonya likitoka kwenye koili liwe na joto la nyuzi 5 hadi 8 juu ya joto la kuchemkia linaloonyeshwa na geji. Pungufu ya hapo, kimiminika kinaweza kufika kwenye kompresa; zaidi ya hapo, gesi haitoshi au vali imebana.

Sensa ya mtambo iwekwe kwenye hewa inayorudi kwenye koili, mbali na mlango. Kipimajoto chako mwenyewe kiweke ndani ya chupa ya maji, katikati ya rafu. Hewa itapanda na kushuka nyuzi 2 kila mzunguko. Chupa haitasogea hata nusu.

Siku za kwanza

Washa mtambo chumba kikiwa kitupu kwanza, siku moja nzima, kisha ingiza chupa. Chupa moja iliyojaa inahitaji takribani kilojuli 3.4 kushuka nyuzi moja. Chupa 500 kutoka nyuzi 28 hadi 13 ni kilojuli 25,500. Mtambo wa wati 700 kwenye chumba kinachovuta 414 una ziada ya wati 286 tu, na ziada hiyo itachukua siku nzima hata kila kitu kikienda sawa. Kwa kuwa kuta na rafu nazo zina joto lake, tegemea siku 2 au 3. Kompresa kutozima wakati huo si hitilafu. Usishushe themostati hadi 8 ukidhani utaharakisha; kasi ni ileile, na ukisahau kuirudisha utagandisha koili.

Linapoharibika

Anza kwa kupima hewa inayoingia na inayotoka kwenye koili. Tofauti ya nyuzi 4 hadi 7 ni afya. Ikiwa tofauti ipo na chumba bado ni cha joto, kosa liko kwenye chumba: raba ya mlango, taa zilizoachwa, foamu iliyolowa. Ikiwa tofauti haipo, kosa liko kwenye mtambo.

Barafu kwenye koili husomwa kwa mahali ilipo. Ikifunika koili yote, hewa haipiti vya kutosha: chujio chafu, feni imekufa, au mapezi yameziba vumbi. Ikiwa sehemu ya mwanzo tu ndiyo yenye barafu na nyingine ni ya joto, gesi imepungua. Inapoingia kidogo mgandamizo unashuka chini ya psi 28 na hapo joto la kuchemkia linakuwa chini ya sifuri. Gesi haiishi kwa kutumika. Imepungua kwa sababu kuna tundu, na fundi anayeongeza gesi kila baada ya miezi sita bila kulitafuta anakuuzia gesi ileile mara mbili. Mafuta yaliyoloa kwenye kiungo ndiyo alama ya kwanza. Nyanda za juu, kama Iringa au Limuru, kuna sababu ya ziada mwezi Julai: nje kukiwa na nyuzi 10, koili ya nje hupoa kupita kiasi, mgandamizo wa juu unakosa nguvu ya kusukuma kimiminika ndani, na koili inaganda ingawa gesi imejaa. Dawa yake ni kidhibiti kinachopunguza mwendo wa feni ya nje.

Geji ya juu ikipita psi 200, koili ya nje haipumui. Ioshe, tazama feni yake, ondoa masanduku yaliyorundikwa mbele. Kama ni safi na bado iko juu, huenda gesi imezidi au kuna hewa ndani. Yote mawili dawa yake ni kutoa, kuvuta vakyumu na kuchaji upya.

Kompresa inayounguruma sekunde chache na kukata, kisha kurudia, ianze kuchunguzwa kwenye rilei na kapasita, vitu vya bei ndogo vinavyoisaidia mota kuanza, na kwenye volti ya soketi wakati wa kuwaka. Chini ya volti 190 kompresa nyingi hazianzi.

Unyevu ukiwa juu, fanya jaribio la jagi. Funga mlango saa 24 bila kuufungua, kinga maji ya bomba la koili, pima. Kwa chumba cha mfano wetu, kufungua mlango kawaida huleta karibu lita 3 kwa siku Dar. Mlango ukiwa umefungwa siku nzima na bado unapata lita moja au zaidi, hewa inaingia mahali. Washa taa ndani usiku, simama nje gizani, na utaona mwanga unapochungulia. Dodoma miezi ya kiangazi tatizo ni kinyume: hewa ya nje yenyewe ina gramu 8 au 9 tu, koili inatoa hizohizo, na unyevu unashuka chini ya 55. Sinia pana la maji safi mbele ya feni linasaidia kidogo. Kinyunyizi kidogo chenye kidhibiti chake kinamaliza kazi.

Matunzo na umeme

Chujio la ndani kila mwezi, koili ya nje kila miezi mitatu. Kisiwani na pwani, chumvi inayoletwa na upepo hula mapezi ya alumini ndani ya miaka michache, kwa hiyo agiza koili iliyopakwa kinga, weka kitengo upande usiopigwa na kusi, na ukisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila wiki mbili, umeme ukiwa umezimwa. Ndani ya chumba usisafishe kwa dawa ya klorini: mvuke wake hushambulia shaba ya koili, na harufu yake si rafiki wa vizibo. Sabuni kidogo na maji ya moto vinatosha, na mkunjo wa bomba la maji umwagiwe maji ya moto kila unapobadilisha chujio, ili ute usizibe.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Kwa chumba cha mfano wetu chenye chupa 500, joto linaloingia kwenye kuta na sakafu ni wati 224, na chupa zenyewe zitapanda nyuzi moja kwa kila saa 2 hivi. Mgawo wa saa 4 unakugharimu nyuzi 2, na hapo jenereta si lazima. Saa 10 ni habari nyingine. Chumba chenye chupa 60 hakina akiba hiyo na kitapanda haraka, kwa hiyo jaza rafu tupu kwa chupa za maji. Umeme unaporudi huja na mshtuko wa volti. Weka kati ya soketi na mtambo kinga ya volti yenye kuchelewesha, iliyowekwa dakika 3 hadi 5, ikikata chini ya 190 na juu ya 255.